Ndege Njema na Ndege Mbaya: Jina Moja katika Viwanja Vingi

Mtu asimamaye asubuhi kando ya uzio wa Kiwanja cha Wilson, mjini Nairobi, huona mambo mengi kwa muda wa saa moja. Ndege ndogo yenye injini moja yaruka, ndani yake wamo mwanafunzi wa urubani na mwalimu wake. Nyuma yake yaja nyingine yenye injini mbili, imejaa watalii waendao Masai Mara. Helikopta yainuka wima na kutimua vumbi. Pembeni yangoja ndege ya madaktari, mlango wazi, na machela imekwisha kuingizwa. Watoto wapitao njiani husimama na kuelekeza vidole juu, lakini hawatamki majina manne. Husema neno moja tu: "Ndege!"

Neno hilo ni la zamani kuliko viwanja vyote vya Kenya. Kwanza ni jina la kiumbe mwenye manyoya. Pili, katika Kiswahili cha wazee wa pwani, ni jina la dalili, yaani ishara ya heri au ya shari. Mtu alipotoka nyumbani kwenda safari, aliangalia ni ndege gani ampitiaye njiani, na upande gani, na kwa sauti gani. Akiona dalili nzuri alisema amepata ndege njema. Akiona dalili ya kutisha alisema amekutana na ndege mbaya, na wengine waliahirisha safari kwa ajili hiyo. Msomaji aangalie kwamba wazee hao hawakusema "ndege mwema" walipotaja dalili. Ndege mwema ni kiumbe; ndege njema ni bahati.

Basi chombo cha kuruka kilipofika, kilipewa jina lililokuwa tayari na maana mbili, nacho kikawa cha tatu. Tena kilifuata sarufi ya ile dalili, si ya yule kiumbe. Twasema ndege wawili wametua mtini, lakini ndege mbili zimetua kiwanjani. Kwa hiyo, mwenye kutaka kujua jinsi Kiswahili kilivyozipokea ndege za kila aina, yafaa asafiri kutoka pwani hata ziwani, kwa maana kila kiwanja kina neno lake, na kila neno lina habari yake.

PWANI: RUBANI NA TIARA

Safari yaanza Mombasa, mahali ambapo majina mengi ya angani yalizaliwa majini. Rubani, kabla ya kuwa mwendesha ndege, alikuwa mtu wa bahari. Ndiye aliyejua mwamba uko wapi na mlango wa bandari uko wapi, akaingiza chombo salama wakati nahodha mgeni asipoweza kuona njia. Leo mtu huyohuyo, kwa jina hilohilo, anashusha ndege katika Kiwanja cha Moi kwenye ukungu wa alfajiri. Kazi haikubadilika sana: kujua njia isiyoonekana, na kubeba roho za watu wasiojua. Pamoja naye zilipanda juu abiria, shehena na usukani, ambazo zote ni mali ya majahazi. Hata rafadha, lile panga la kuzunguka lililosukuma meli za moshi majini, lilipata kazi ya pili puani pa ndege.

Neno moja tu lilikataa kupanda. Katika mitaa ya Mombasa na Unguja watoto hurusha karatasi iliyotandwa juu ya vijiti na kufungwa uzi, nao huiita tiara au kishada. Tiara ni neno lililotoka Uarabuni, na asili yake ni kuruka. Waarabu wenyewe, ndege za injini zilipokuja, walizipa jina la shina hilohilo, hata leo msafiri atuaye Muscat au Dubai husikia watu wakisema tayyara, maana yake ndege kubwa ya abiria. Mswahili hakufanya hivyo. Alimwachia mtoto tiara yake, akatafuta jina jingine kwa chombo cha watu wazima. Ndiyo sababu babu aliyerudi kutoka Oman aweza kumchekesha mjukuu wake asemapo kwamba alipanda tayyara: mjukuu huona karatasi na uzi.

Ndege za kwanza za vita zilionekana katika pwani hii wakati wa Vita Kuu vya kwanza. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha katika matawi ya mto Rufiji, nyuma ya mikoko, isiweze kuonekana na meli za Waingereza zilizokuwa baharini. Waingereza walileta ndege zenye maboya badala ya magurudumu, ziwezazo kutua juu ya maji, kisha wakaleta nyingine za kutua nchi kavu, wakasafisha kiwanja katika kisiwa cha Mafia. Mwezi wa Julai 1915 meli mbili, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kupiga mizinga kwa shabaha ambayo wapigaji hawakuiona. Aliyeona ni mtu wa juu. Ndege ilizunguka na kupeleka habari kombora limeanguka wapi, mbele au nyuma, mpaka makombora yakafika penyewe, na tarehe 11 Julai manowari ile ikaangamia. Neno manowari lenyewe lilitoka katika Kiingereza, likazoea Kiswahili hata likasahau kwao. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya pwani: jina la kigeni lilikaribishwa likafundishwa adabu.

MAKTAU NA VOI: NDEGE ULAYA

Kutoka Mombasa msafiri apanda bara hata Voi, kisha ageuka magharibi kufuata reli ya Taveta. Njiani yapo Maktau na Mbuyuni, vituo vidogo katika nchi kavu yenye miba na udongo mwekundu, nao mlima Kilimanjaro waonekana mbele siku ya mbingu safi. Mwaka wa 1915 na 1916 hapo palikuwa kambi kubwa za jeshi, na viwanja vya ndege vilikatwa kwa majembe na mapanga. Wapagazi na askari walioziona ndege hizo za mbao na kitambaa waliziita ndege Ulaya. Jina hilo si geni katika desturi ya lugha. Viazi vilivyoletwa na Wazungu viliitwa viazi Ulaya, ili visichanganywe na viazi vitamu vilivyozoeleka. Vivyo hivyo, ndege wa porini alikuwa ndege, na yule mwenye mngurumo alikuwa ndege Ulaya.

Jina hilo halikudumu. Lilikuwa na maana siku zile ambapo chombo kilikuwa mali ya watu wa Ulaya peke yao. Mara Mwafrika alipopata tikiti yake, na baadaye leseni yake ya urubani, neno Ulaya lilipungua lenyewe kama gome la mti, likabaki ndege. Waandishi wa magazeti na vitabu vya shule walijaribu pia eropleni, na neno hilo lingali katika kamusi hata leo, lakini mdomoni mwa watu halikushinda.

Katika vita hivyo hivyo kilikuwapo chombo kimoja ambacho kingeweza kuleta neno jipya Afrika ya Mashariki, ila hakikufika. Mwezi wa Novemba 1917 Wajerumani walituma meli ya angani, L 59, kutoka Bulgaria, ipeleke dawa na risasi kwa jemadari wao von Lettow-Vorbeck. Haikuwa ndege ya mabawa, bali mfuko mrefu mno uliojaa gesi nyepesi kuliko hewa, na injini zikiusukuma. Ilivuka bahari na jangwa hata ikafika Sudan, karibu na Khartoum, ndipo ilipopokea amri kwa simu ya upepo kwamba irudi. Ilirudi salama, imekaa hewani saa 95 na kwenda zaidi ya kilomita 6,700 bila kutua hata mara moja. Kwa kuwa haikuonekana huku, watu hawakuwa na haja ya kuiita kitu. Lugha haiwapi jina wageni wasiobisha hodi. Mifuko ya hewa ilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1970, kuwabeba watalii juu ya nyumbu wa Masai Mara, nayo ikaitwa baluni au puto. Na mtoto wa pwani, ambaye siku ya sikukuu hununuliwa kifuko cha mpira cha kupuliza, alikuwa na neno purutangi tangu zamani.

Voi pana kumbukumbu nyingine. Tarehe 14 Mei 1931 ndege ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka kutoka hapo, ikazunguka, ikaanguka na kuwaka moto. Walikufa Denys Finch Hatton, mwindaji ajulikanaye na wasomaji wengi wa vitabu, na mtumishi wake Mwafrika aliyekuwa pamoja naye. Jina la yule wa kwanza limeandikwa mara nyingi. La yule wa pili hutajwa mara chache, nalo ni jambo la kusikitisha, kwa maana ndege iangukapo haichagui.

WILSON: NENO DOGO "YA"

Nairobi, katika mwaka wa 1929, Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege kwa chombo kimoja, Gipsy Moth kama ile ya Voi, na rubani wake wa kwanza alikuwa Tom Campbell Black. Chombo chenyewe kilikuwa cha mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na mawili chini, nafasi ya watu wawili, kichwa wazi kwa upepo. Kiwanja cha kampuni hiyo kiliitwa Nairobi West, na baadaye kikapewa jina la mama huyo. Hapo Nairobi ndipo Beryl Markham alipojifunza kurusha ndege, naye mwaka wa 1936 akavuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hata Kanada, akienda kinyume cha upepo.

Leo Wilson ni kama soko la ndege ndogo. Mtu akitaka kujua jinsi Kiswahili kigawanyavyo aina za ndege, hapa ndipo mahali pake. Mafundi huzijua kwa majina ya viwanda: Cessna, Piper, Caravan, Fokker. Lakini mwananchi hazitaji kwa kiwanda wala kwa umbo la bawa. Huuliza kazi yake ni nini, kisha hufunga kazi hiyo katika jina kwa neno dogo "ya". Kuna ndege ya abiria na ndege ya mizigo. Kuna ndege ya watalii. Kuna ndege ya miraa, ambayo kwa miaka mingi iliruka na magunia kwenda Somalia, ikikimbizana na jua ili majani yasinyauke. Kuna ndege ya dawa, inyunyiziayo mashamba na nzige. Na mwaka wa 2020, nzige walipoingia Kenya kwa makundi ambayo nchi haikuyaona kwa miaka 70, watu wa Samburu na Isiolo waliokuwa wakipiga madebe kuwafukuza waliingojea ndege hiyo kama mvua.

Desturi hiyo haikuanza na ndege. Garimoshi lilipewa jina kwa moshi wake. Lakini "ya" ya ndege ina uzito zaidi, kwa maana haielezi chombo. Yaeleza nia ya yule aliyekituma. Chombo kilekile chaweza kuwa ndege ya abiria mwezi huu na ndege ya vita mwezi ujao. Mwaka wa 1939, vita vilipoanza, kampuni ya Bibi Wilson ilifungwa na ndege zake zikachukuliwa kwa kazi ya jeshi. Mabawa hayakubadilika. Kilichobadilika ni neno lililofuata "ya".

Vyombo vichache tu vilipata jina lake pasipo "ya". Kimoja ni helikopta, kwa kuwa haifanani na ndege yeyote wa porini: haina mabawa ya kukunjua, huinuka palepale ilipo, husimama hewani kama nyuki mbele ya ua. Wakenya wameikata jina wakaiita chopa, na wakati wa uchaguzi chopa hujulikana hata na mtoto asiyejua gari moshi, kwa maana mgombea hushuka nayo katika kiwanja cha mpira.

EASTLEIGH NA NYANDARUA: NDEGE MBAYA

Upande wa mashariki wa mji upo uwanja wa Eastleigh, uliokuwa wa jeshi la anga la Uingereza, na ambao baada ya Uhuru ukawa wa jeshi la Kenya. Hapa habari ya neno ndege yageuka giza.

Vita vilikuwa vimekwisha kuwafundisha Wakenya kutazama juu kwa hofu. Mwaka wa 1940 ndege za Italia zilitupa mabomu Wajir na Malindi. Askari wa Afrika ya Mashariki waliopigana Burma mwaka wa 1944 walijua upande wa pili: katika matope ya masika, mahali pasipopita lori, chakula na risasi zao ziliangushwa na ndege, nyingine kwa miavuli, nyingine bila kitu. Wengi wao walirudi nyumbani wakijua kutofautisha kwa masikio tu ndege iletayo unga na ndege iletayo mauti.

Ujuzi huo ulihitajika tena nyumbani. Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Tangu mwaka wa 1953 ndege aina ya Harvard, zilizotengenezwa kwa kufundishia marubani, zilifungwa mabomu madogo na bunduki, zikaruka kutoka Mweiga, karibu na Nyeri, kuishambulia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Ndege kubwa za mabomu, Lincoln, zilitoka Eastleigh. Nyingine zilikuwa na vipaza sauti, zikizunguka juu ya miti na kuwaita wapiganaji wa msituni wajisalimishe kwa lugha yao wenyewe. Tembo, nyati na nyani walikufa au kukimbia, na vipande vya mabomu vilibaki ardhini.

Ni vema kukumbuka kwamba katika Kikuyu ndege wa porini huitwa nyoni. Neno ndege liliingia katika lugha hiyo kutoka Kiswahili, nalo lilikuja na maana moja tu: chombo cha kuruka. Kwa hiyo, kwa mtoto wa Nyeri wa miaka hiyo, ndege hakuwa kiumbe aimbaye asubuhi. Alipoambiwa, "Ndege inakuja," swali lake la kwanza lilikuwa kama la mzee wa pwani atokaye mlangoni: ni njema au ni mbaya? Tofauti ni kwamba mzee wa pwani aliweza kurudi ndani na kuahirisha safari yake. Mtu aliyekuwa msituni hakuwa na mlango.

EMBAKASI: JETI

Miaka ile ile, kilomita chache kutoka Eastleigh, kiwanja kingine kilikuwa kikijengwa katika tambarare ya Embakasi. Mahitaji yake yalitokana na ndege za namna mpya. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti, Comet, ilianza kubeba abiria kutoka London kwenda Johannesburg, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kufanya kazi hiyo kwa tikiti za kawaida. Ilichukua watu 36. Haikutua Nairobi, ilitua Entebbe, nchini Uganda. Waganda walioiona waliiita ennyonyi, jina lilelile la ndege wa mtini, kwa kuwa Luganda kilifanya kama Kiswahili: kilitumia kiumbe chake chenyewe. Miaka miwili haikupita kabla ya Comet kadhaa kuvunjika hewani, kwa kuwa mwili wa chuma ulichoka kwa kujazwa hewa na kupunguzwa kila safari, hata ukapasuka. Ndege hizo zilisimamishwa mwaka wa 1954, zikatengenezwa upya, na Comet za aina ya nne zikaanza kuruka kwa jina la East African Airways mwaka wa 1960.

Jeti yahitaji njia ndefu, hasa Nairobi. Mji upo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi. Bawa hubebwa na hewa, na injini huvuta hewa. Basi hewa ikiwa haba, ndege haina budi kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Ndiyo sababu njia ya Embakasi ni zaidi ya kilomita nne, ndefu kuliko njia za miji mingi mikubwa iliyo karibu na bahari.

Njia hiyo haikujitandaza yenyewe. Waliochimba, wakavunja mawe na kuyabeba, wengi wao walikuwa wafungwa na watu waliowekwa kizuizini kwa sababu ya Hali ya Hatari, walinzi wakiwa juu yao. Kiwanja kilifunguliwa mwaka wa 1958. Mwaka wa 1978 kilipewa jina la Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alikuwa kifungoni wakati kilipofunguliwa. Abiria aendaye leo Mumbai, Guangzhou au New York hukimbizwa juu ya kazi ya mikono hiyo kwa muda usiotimia dakika moja, kisha magurudumu yaachana na ardhi. Yafaa ajue.

NAIVASHA NA KISUMU: MASHUA YENYE MABAWA

Akishuka katika Bonde la Ufa, msafiri afika ziwa la Naivasha, penye viboko, mafunjo na tai wa samaki. Hapa, na hasa Kisumu katika ghuba ya Winam, ilikuwapo namna ya ndege ambayo vijana wa leo hawakuiona. Ilikuwa mashua na ndege kwa pamoja. Tumbo lake lilikuwa kama la meli, lenye kukata maji, na injini nne zilikuwa juu ya bawa ili zisilowe. Kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya Ziwa Victoria mwaka wa 1931, na tangu mwaka wa 1937 mashua hizi kubwa zilitoka Southampton, zikafuata mto Nile, zikatua Kisumu, zikaenda Mombasa na Dar es Salaam, hata Durban. Faida yake ilikuwa dhahiri: ziwa ni kiwanja kilichokwisha kusawazishwa na Mungu. Lakini hata kiwanja hicho kilitaka matengenezo. Motaboti ilitangulia kupita juu ya maji kuondoa magogo na mitumbwi, na kuhakikisha kwamba kiboko hakuchagua mahali hapo pa kuibukia. Naivasha ilipokea mashua kama hizo baada ya vita, mpaka mwaka wa 1950 zilipokoma. Ndege za magurudumu zilikuwa zimezishinda kwa mwendo na kwa gharama.

Jina lake kwa Kiswahili lilikuwa ndege ya majini au ndege ya baharini, ingawa Kisumu hakuna bahari. Wavuvi Wajaluo walisema ndege tu. Kwa Kijaluo kiumbe mwenye manyoya huitwa winyo, na ndege, kama kwa Wakikuyu, ni chombo. Hapa ndipo msafiri agunduapo jambo la ajabu. Neno la pwani lilipanda ndege lenyewe. Nchini Rwanda na Burundi watu husema indege kwa chombo, na inyoni kwa kiumbe. Malawi husema ndege kwa chombo, na mbalame kwa kiumbe. Hata Zimbabwe, mbali kabisa na Mombasa, Washona husema ndege, na kiumbe chao ni shiri. Mamilioni ya watu hutumia neno hili kila siku bila kujua kwamba pwani ya Kiswahili lina mdomo, manyoya na kiota.

VIWANJA VISIVYO NA JINA

Safari ingeweza kuishia ziwani, lakini viwanja vilivyo muhimu kupita vyote havina mnara wala lami. Ni vipande vya ardhi vilivyofyekwa Turkana, Marsabit na Mandera, karibu na zahanati. Mwaka wa 1957 matabibu watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha kazi ya kuwapeleka madaktari kwa ndege mahali ambapo barabara haziwapeleki, nayo ndiyo iliyokuwa Amref. Ndege zake bado huruka kutoka Wilson.

Mambo huenda hivi. Mama ana uchungu siku ya pili na mtoto hatoki. Muuguzi hupiga simu. Zamani aliita kwa redio. Yule apokeaye Nairobi hana budi kujua ni ndege gani iwezayo kutua hapo: urefu wa kiwanja, kama mvua ilinyesha, kama udongo ni mgumu. Ndege kubwa hufika upesi lakini yaweza kukosa nafasi ya kusimama. Ndogo hutua popote lakini huchelewa. Hapa aina ya ndege si maneno ya kamusi. Kosa moja laweza kuwa uhai wa watu wawili. Huko chini wazee huwafukuza mbuzi na ngamia kiwanjani, na vijana huwasha majani mabichi ili moshi umwonyeshe rubani upepo watoka wapi. Kisha wote hunyamaza wakasikiliza.

Sasa yaja aina nyingine, isiyo na rubani kabisa. Nchini Rwanda, tangu mwaka wa 2016, ndege ndogo kama hizo hupeleka damu hospitalini, zikaiangusha kwa mwavuli mdogo na kurudi zenyewe. Jamaa zake hutumiwa vitani, zikaua watu wasioonwa na yule aziongozaye. Wengine huziita droni; Tanzania jina ndege nyuki limeenea, na ni jina zuri, kwa sauti yake na kwa maana yake. Nyuki ana asali, tena ana mwiba.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Methali hiyo ni kweli kwa viumbe. Kwa vyombo haitoshi, kwa maana chombo huruka kwa ubawa wake lakini huenda kwa nia ya mtu. Ndiyo sababu lile swali la mzee wa pwani halijapitwa na wakati. Huko Mandera, mngurumo usikikapo upande wa kusini, muuguzi hutoka nje na kukinga macho kwa kiganja. Huitazama mpaka aone rangi yake na alama ya mkiani, ndipo ageukapo kwa yule mama aliye kitandani na kumwambia, "Ni ya daktari."